Mtaalamu wa Tela la Pacha

Asubuhi ile Hariri hakuwa na kitu mfukoni isipokuwa kitana, lakini alisimama kwenye mtaa wa mafundi baiskeli kama mtu anayefikiria kuununua mtaa wote. Maisha yalikuwa yamemfundisha kwamba tapeli mwenye njaa hana budi kuonekana ameshiba kuliko waliokula. Alivaa koti lake la kijivu na viatu vilivyong'aa juu na kutoboka chini, akaiegemea baiskeli yake, Malkia, akawa anakagua dunia.

Tuseme neno kuhusu Malkia, maana hadithi hii inamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Alikuwa baiskeli nyekundu, mwembamba, mwepesi wa kubebwa kwa mkono mmoja. Katika vitu vyote alivyowahi kuwa navyo Hariri, ni Malkia peke yake aliyenunuliwa dukani, kwa fedha halali, mbele ya mashahidi. Na kazi yake ilikuwa kubwa. Ulimi wa Hariri, uliompatia jina hilo la kitambaa laini, ulifungua milango. Malkia ndiye aliyemtoa mtaani kabla mwenye mlango hajagundua kilichopungua. Bila Malkia, Hariri angekuwa tapeli wa kukimbia kwa miguu, na umri wake pamoja na sugu za vidole vyake havikuruhusu mambo hayo.

Ndipo alipomwona yule mwanamke.

Alikuwa amevaa sare ya buluu ya wafua nguo wa hospitali, naye amesimama mbele ya duka la mwisho la baiskeli. Nje ya duka hilo kulikuwa na tela la kuvutwa na baiskeli, la kubebea watoto wawili: kibanda cha turubai la kijani juu ya magurudumu mawili, ndani viti viwili vyenye mikanda, mbele dirisha la wavu, nyuma kibendera cha rangi ya chungwa juu ya fimbo ndefu. Mwanamke alilizunguka. Aliminya tairi kwa kidole gumba. Aliinama akachungulia chini, akainuka, akashusha pumzi ndefu hata kibendera kikatikisika.

"Pesa ninayo," akasema, kama anayezungumza na turubai. "Ninachokosa ni mtu wa kuniambia ukweli."

Kuna maneno ambayo mtu mwema akiyasikia huona huruma, na mtu kama Hariri akiyasikia hujaa mate mdomoni. Alimsukuma Malkia taratibu mpaka karibu naye.

"Samahani kukuingilia, dada. Nimesikia ukweli unatajwa nikageuka, nikadhani nimeitwa."

Mwanamke akamtazama kuanzia kola hadi viatu. "Wewe ni fundi?"

"Fundi ni wa kukaza nati. Mimi ni mtaalamu. Usafiri wa watoto wadogo, upande wa matela. Nimepima matela ya mabalozi, ya madaktari, ya mapadri."

"Mapadri wana watoto?"

"Wana yatima, dada. Na yatima nao wana miguu inayochoka."

Mwanamke akatikisa kichwa kwa heshima. "Basi Mungu amekuleta. Mimi nina pacha, hawajatimiza miaka mitatu. Chekechea yao iko juu kilimani, kazi yangu iko chini bondeni. Mmoja nambeba mgongoni, mwingine namburuta mkononi. Msimamizi wangu ameshaniambia nikichelewa tena nisijisumbue kuingia. Sasa niambie, hili linafaa?"

Hariri alijua habari za matela kama kuku ajuavyo kuogelea. Lakini alilizunguka lile tela polepole, mikono nyuma, kama daktari anayemzunguka mgonjwa tajiri.

"Kwanza kabisa ni uzito," akasema. "Mtoto mzito asikae kulia. Akikaa kulia mhimili unapinda, na mhimili ukipinda, tela linaelekea kwa jirani."

"Kwa jirani?"

"Pembeni. Ni lugha yetu ya kitaalamu."

"Na baiskeli ikianguka, tela nalo linaanguka, au linabaki limesimama?"

Hilo lilikuwa swali zuri kupita kiasi. "Inategemea baiskeli imeangukia kwa nani."

"Na mikanda hii, inawashika mabegani au kiunoni tu?"

"Inawashika panapostahili."

"Na kibendera?"

"Hicho ni cha heshima."

"Mimi nilidhani ni cha kuonekana na madereva."

"Na heshima ni nini, dada, kama si kuonekana na madereva?"

Mwanamke akacheka, akafuta jicho. "Unaongea vizuri. Ila wenye maduka nao wanaongea vizuri. Mimi nitamwamini yule atakayewabeba wanangu kwa miguu yake mwenyewe, njia ileile ninayopita, leo hii. Tela likiwafaa, nalipa papo hapo, taslimu. Na mtaalamu simwachi hivihivi."

Hariri akaweka mkono kifuani, mahali ambapo watu wengine wana moyo. "Dada, ombi lako nimelipokea. Nisubiri."

Ndani ya duka alimkuta mwenyewe, mzee mwembamba aliyepinda kidogo kama spoku iliyogongwa, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Mzee Spoku. Alikaa juu ya kreti, goti moja limefungwa kitambaa, anafuta mnyororo kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mnyororo wenyewe.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Pampu iko hapo nje, jaza upepo mwenyewe."

"Sikufuata upepo, mzee. Nimekuletea mteja wa lile tela."

Mzee akaacha kufuta. "Lile tela limekaa pale mpaka limeanza kunizoea. Yuko wapi?"

"Ni mama mwenye wasiwasi. Anataka lijaribiwe kwanza. Nipe nilijaribu, alasiri nakuletea pesa yako kamili."

"Nikupe tela, uende nalo? Mwanangu, mimi nimezeeka, sijalogwa."

Hariri akavua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya meza, polepole kama anayelaza mtoto. "Dhahabu. Ishike kama dhamana."

Mzee Spoku akaipeleka sikioni. "Haitembei."

"Dhahabu haina haraka, mzee."

"Basi na mimi sina." Akairudisha. "Niachie baiskeli yako."

"Sasa tela nitalivuta na nini?"

"Hiyo yako haiwezi kulivuta hata ikitaka." Mzee akainuka kwa kusaga meno, akachechemea hadi kwa Malkia, akagusa gurudumu la nyuma. "Ona ekseli ilivyo nyembamba, tena fupi. Mkono wa tela unashika hapa, na nati inakaza juu yake. Hapa nati itakaza nini, hewa? Nitakupa baiskeli ya duka."

Baiskeli ya duka ilikuwa nyeusi, ya zamani, nzito kama kabati lenye nguo ndani. Hariri aliitazama, akamtazama Malkia, akampapasa usukani kama anayemuaga. Lakini kichwa chake kilikuwa kinapiga hesabu. Yule mama atalipa. Tela atabaki nalo yeye, halali yake. Hariri atarudi hapa na hilo Kabati jeusi, atamwambia mzee kwamba mteja anamsubiri nyumbani na bahasha mezani, njoo nikupeleke. Mzee atamfungua Malkia, watatoka pamoja, na kwenye kona ya kwanza watakuwa hawako pamoja tena. Malkia atalala kwake usiku wa leo. Hesabu ilikuwa safi. Wanaopigwa changa la macho nao huwa na hesabu safi hivyo hivyo, ila Hariri alikuwa amezoea kuitazama kwa upande wa pili.

"Sawa, mzee wangu. Mtunze."

"Nitamtunza kama mkwe," akasema Mzee Spoku, akamfunga Malkia kwenye nguzo ya dukani kwa mnyororo wa kufungia lori.

Mwanamke alikaa chumba na sebule nyuma ya ghala la unga. Pacha walikuwa mlangoni wanasubiri, mmoja wa kike mnene, mmoja wa kiume mwembamba, wote wawili nyuso zimepakwa mafuta hadi zinaakisi jua.

"Huyu tunamwita Kushoto," mama akasema akimwonyesha yule wa kike, "na huyu Kulia."

"Majina mazuri," akasema Hariri. Hakujiuliza yametoka wapi.

Tela liliposimama, pacha hawakungoja kubebwa. Kushoto alipandia kushoto, Kulia akapandia kulia. Kushoto akavuta mkanda wake mwenyewe, akaufunga *tak!*, kisha akamfungia mwenzake, kisha akamtazama Hariri kama abiria anayemtazama dereva aliyechelewa.

"Watoto wa siku hizi wana akili," akasema Hariri.

"Sana," akasema mama. Akaingiza mkono chini ya kiti akatoa soksi ndogo ya njano. "Kaka mtaalamu, si hili ni jipya?"

Hariri hakupepesa macho. "Jipya kabisa. Hiyo ni soksi ya kiwandani, dada. Wanaweka moja katika kila tela, kama kipimo cha nafasi ya miguu."

"Ajabu! Na imewiana kabisa na mguu wa Kulia!"

"Kiwanda kikubwa hicho. Hawabahatishi."

Mama akamvalisha Kulia ile soksi. Mguu wake wa pili, kama Hariri angeutazama, ulikuwa umeshavaa nyingine ya rangi hiyohiyo.

Safari ikaanza. Hapo Hariri akagundua jambo ambalo halikuwemo katika utaalamu wake: Kulia hulia tela likienda, na Kushoto hulia tela likisimama. Kwa hiyo ndani ya turubai lile kimya hakikuwa na zamu. Akipunguza mwendo, anasikia sauti nzito. Akiongeza, anasikia sauti nyembamba. Na kwenye makutano ya barabara, ambapo hujui kama unakwenda au umesimama, aliwasikia wote wawili.

Watu wa njiani nao walikuwa na furaha isiyoeleweka. Muuza magazeti aliwapungia pacha, akapiga mluzi. Mluzi ukajibiwa na msusi wa kona inayofuata, aliyetoka nje akiacha kitana kichwani mwa mteja wake.

"Leo ni huyu?" msusi akauliza.

"Leo ni huyu," akajibu mama, aliyekuwa anatembea kando ya tela.

"Ana koti!"

"Atalivua mlimani."

Hariri akainua kofia ambayo hakuwa nayo. Alichukulia kwamba ni sifa.

Chini ya kilima mama alisimama. "Mimi nakata huku, kengele ya kazini inakaribia. Mlezi wao atawapokea getini. Saa nane uwachukue, uniletee pale dukani, tumalizane na pesa."

"Saa nane?" Hariri alikuwa tayari anahema. "Si tulisema jaribio, dada? Nikiwafikisha, limeisha."

"Kupanda si jaribio, kupanda ni nguvu. Tela linapimwa kwenye mteremko. Wewe ni mtaalamu, hilo unalijua."

"Nilitaka tu kuona kama unalijua na wewe," akasema Hariri, na mama akaondoka mbio.

Kile kilima sitakieleza kwa urefu, maana Hariri mwenyewe hakupenda kukieleza maisha yake yote. Alikianza akiwa amevaa koti, akalivua katikati, akalitupa juu ya tela, na Kushoto akalivuta ndani akajifunika nalo kama blanketi. Mwisho alishuka akasukuma. Alipofika getini mwa chekechea hakuwa laini tena mahali popote.

Mlezi, mama mtu mzima mwenye aproni, alikuwa amesimama na kikombe cha maji mkononi.

"Kunywa, baba. Wa wiki iliyopita aliishia pale chini kwenye ile nguzo ya umeme, ikabidi niwafuate mwenyewe."

"Wa wiki iliyopita yupi?"

"Yule mnene." Akawafungua pacha. "Waambieni asante."

"Asante, Punda," wakasema Kushoto na Kulia kwa pamoja.

Mtu mwingine angekaa chini akayatafakari maneno hayo. Hariri alifikiria kitu kimoja tu: mpaka saa nane tela ni tupu, na tela tupu lina bei. Kwa nini auze mara moja kitu kinachoweza kuuzwa mara mbili? Achukue za mnunuzi mmoja sasa, alirudishe kwa hila, achukue za mama baadaye. Alishuka kilima, akaelekea kwa Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tajiri aliyekuwa na sifa ya kununua kila kitu kwa nusu bei na kutouliza kimetoka wapi.

Misumari alikuwa kibarazani. Alipoona kibendera cha chungwa kinakuja, hakungoja salamu.

"Hilo sinunui tena!"

"Tena?" akasema Hariri.

"Nililinunua kwa mwenzako mmoja mwenye masharubu. Nikajipongeza, nikasema hili nitawauzia wazungu wa hotelini. Hata sijamaliza chai, mzee Spoku huyu hapa mlangoni na mwenyekiti wa mtaa, na msusi, na muuza magazeti. Na wale watoto wawili wakaingia ndani ya tela langu, wakajifunga mikanda, wakagoma kutoka. Nikaonekana mwizi wa watoto! Mimi, mwenye duka!"

"Mzee Spoku anahusika vipi na watoto?"

Misumari akamtazama kwa huruma, na kutazamwa kwa huruma na Misumari ni jambo linaloumiza. "Ni babu yao, ndugu yangu. Yule mfua nguo ni binti yake. Hilo tela aliwaundia kwa mikono yake walipozaliwa. Alikuwa anawavuta mwenyewe mpaka goti lilipomkatalia. Wewe hukujua? Mji mzima unajua. Umeacha nini kwake?"

Hariri akajifuta uso. Jasho la kilimani lilikuwa la moto. Hili lilikuwa la baridi.

Alikanyaga mpaka dukani kwa Mzee Spoku. Mlango ulikuwa umefungwa kwa chakula cha mchana. Akabana uso kwenye kioo. Kwenye nguzo, ndani ya ule mnyororo wa lori, Malkia alikuwa amegeuzwa juu chini, magurudumu hewani, la nyuma limetolewa. Hakuna mwanamume anayependa kumwona malkia wake katika hali hiyo.

Akaketi ukingoni mwa barabara akafikiri. Angeweza kuliacha tela pale na kuondoka, mikono mitupu, kwa miguu. Mji ungemsahau. Lakini Malkia je? Alimkumbuka siku alipomnunua, jinsi muuzaji alivyomwita "bwana" bila kulazimishwa. Halafu akakumbuka kitu kingine ambacho hakukialika: Kushoto hulia tela likisimama. Na kule juu, saa nane, tela lisipotokea kabisa, sijui angelia kwa sauti gani.

"Ni kwa ajili ya Malkia tu," akajiambia kwa sauti, na mbwa aliyekuwa karibu akaondoka.

Walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya chekechea, kofia vichwani, wanatazama barabara. Walipoona kibendera wakasimama.

"Punda karudi!" Kulia akapiga kelele. "Punda karudi!"

"Hawarudigi," mlezi akasema polepole, kama anayejisemea, na akamletea maji mara ya pili.

Kuteremka kulikuwa habari nyingine. Breki za Kabati zilikuwa za kumtia moyo mpandaji, si za kusimamisha. Hariri alikaza moja, ikacheka. Akakaza nyingine, ikakatika. Akashusha miguu yote miwili chini, na zile soli zilizokuwa na matundu zikaanza kuwa matundu yenye soli. Nyuma yake, kwa mara ya kwanza siku ile, kulikuwa kimya. Aligeuza kichwa kwa hofu. Pacha walikuwa wamekodoa macho, midomo wazi, upepo umejaza mashavu yao. Kumbe Kulia hakuwahi kuchukia mwendo. Alichukia mwendo wa polepole.

"Tena!" akalia Kushoto walipofika chini. "Tena, Punda!"

Hariri akajikuta anacheka. Akajikemea.

Dukani, Mzee Spoku na binti yake walikuwa wamekaa juu ya makreti na birika la chai kati yao. Mama akawapokea watoto, akawanusa vichwa kwa zamu. Hariri akajiweka sawa, akakunja uso wa kitaalamu, akaanza kabla hajaanzwa.

"Dada, nimemaliza uchunguzi. Nasikitika. Tela hili ni bovu. Mhimili umepinda, kitambaa kinavuja, nakushauri kama ndugu usilinunue. Mzee wangu, biashara imevunjika, hakuna ubaya, nipe baiskeli yangu nikapumzike."

"Nashukuru kwa ushauri, kaka," akasema mama. "Ila tela tulishalichagua zamani. Kinachotusumbua ni kumchagua wa kulivuta."

Mzee Spoku akapuliza chai.

"Tulibandika tangazo la kazi," mama akaendelea. "Waliokuja, waaminifu wote, walipanda kilima mara moja, wakaomba radhi, wakaenda zao. Ndipo baba akasema tujaribu wanaojipendekeza wenyewe. Ile pumzi niliyoshusha asubuhi, uliionaje?"

"Niliiamini," Hariri akakiri.

"Nimeifanyia mazoezi."

"Na kama ningewaiba hawa watoto?"

"Ungewapeleka wapi? Msusi, muuza magazeti, fundi viatu, wote walikuwa wanapokezana mluzi. Ulipotoka kwa Misumari uliketi hapo nje, ukingoni mwa barabara. Unataka nikwambie ulichomwambia yule mbwa?"

Hariri akatazama vidole vyake vya miguu, vilivyokuwa vinaonekana sasa.

"Mmoja aliishia kwenye nguzo," akasema Mzee Spoku, "mwingine akaliuza, wa tatu alilala getini. Wewe ni wa kwanza aliyerudi kuwachukua. Mshahara upo, si wa kifahari, na chai ipo. Ukikataa, sikushiki. Malkia wako yuko tayari, mchukue."

"Tayari kwa nini?"

Mzee akafungua mlango. Malkia alikuwa amesimama, amefutwa, amepakwa grisi, anang'aa kuliko siku aliyonunuliwa. Lakini kwenye gurudumu la nyuma kulikuwa na ekseli mpya, nene, ndefu, na kando yake kile chuma cha kushikia mkono wa tela, kimekazwa nati mbili na kuchomelewa juu yake.

"Mzee! Umemfanya nini?"

"Nimempa kazi."

"Kitoe hicho chuma!"

"Kwa leo haiwezekani, mashine ya kukatia nimemwazima mtu. Njoo kesho asubuhi."

Hariri akampanda Malkia, akaondoka bila kuaga, kidevu juu. Malkia alikuwa mwepesi kama zamani. Kile chuma kilikuwa kinalia nyuma, *kriki, kriki*, kama mtu anayekohoa kwa adabu ili akumbukwe.

Asubuhi alirudi. Alieleza, na akataka ieleweke, kwamba amefuata mashine ya kukatia. Mzee akasema aliyeiazima bado hajairudisha. Wakati wanabishana, pacha walikuwa wameshapanda, mikanda imefungwa, na Kushoto ameanza kulia kwa sababu tela limesimama.

"Kwa leo tu," akasema Hariri.

Miezi ikapita hivyo, leo moja baada ya nyingine. Mama hakuchelewa tena kazini. Hariri akanunua viatu, dukani, kwa fedha halali, kwa mara ya pili maishani mwake. Mashine ya kukatia haikurudi, na ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa ameiulizia tangu wiki ya kwanza.

Hadi siku moja alipotoka kunywa chai akamkuta mgeni nje ya duka. Alikuwa kijana aliyevaa tai, viatu vinang'aa juu, anamzunguka Malkia na tela lake mikono nyuma, polepole, kama daktari anayemzunguka mgonjwa tajiri. Hariri aliyajua macho yale. Alikuwa anayaona kwenye kioo kila asubuhi akinyoa ndevu.

"Kaka," akasema mgeni kwa sauti tamu, "mwenye tela hili ni nani? Nina mteja."

Huu ulikuwa mlango, umefunguliwa wazi. Neno moja tu la Hariri, na yule kijana angeingia mwenyewe ndani, angeacha dhamana yake mwenyewe, angekipanda kile kilima na tai yake. Na Hariri angekuwa huru hadi mwisho wa mtaa na kuendelea.

Akamshika kijana bega, akamvuta kando, akashusha sauti.

"Mdogo wangu, mimi ni mtaalamu wa haya mambo, nimepima hata ya mapadri. Hili achana nalo. Mtoto mzito aliwahi kukaa kulia, mhimili ukapinda. Sasa linaelekea kwa jirani."

"Kwa jirani?"

"Ni lugha yetu. Na pale mwisho wa mtaa kuna tajiri anaitwa Misumari, ana vitu vizuri zaidi vya kukuuzia. Wahi, kabla hajafunga."

Kijana akashukuru sana, akaondoka kwa haraka. Hariri akamtazama mpaka alipopotea, na kifuani, palepale alipokuwa anaweka mkono wa kudanganyia, akasikia furaha ya kazi iliyofanyika vizuri.

"Punda!" sauti mbili zikamwita kutoka ndani ya turubai. "Twende!"

"Nakuja," akasema Hariri. "Nilikuwa nafukuza mwizi."